Je, wajua setilaiti inaijuaje mikoko ya delta ya Rufiji, Tanzania?

Wengi wanadhani setilaiti inapiga picha tu, halafu mtu anaangalia palipo kijani anasema huu msitu. Hapana kabisa. Kutoka kilomita zaidi ya 700 juu, mikoko, mikorosho na mpunga vyote ni kijani kijani tu, na jani lenyewe mwanga wa kijani linarudisha kidogo sana, kama asilimia 10 hivi. Ukitegemea hiyo rangi utapotea.

Kazi inafanywa na infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Chukua rimoti ya TV, ielekeze kwenye kamera ya simu (ya mbele mara nyingi ndo inafaa) bonyeza kitufe, utaona kitaa kinawaka kwenye skrini ilhali kwa macho hakuna kitu. Mwanga wa ukoo huohuo ukitoka kwenye jua na kupiga jani lenye afya, karibu nusu unarudi juu, wakati mwanga mwekundu jani linaumeza ili litengeneze chakula. Tofauti kati ya hiyo miwili ikiwa kubwa basi majani ni mengi, ikishuka yamepungua au yanakauka. Ndo mana picha nyingi za wataalamu zinaonyesha msitu mwekundu, haujaungua, infraredi imepewa rangi nyekundu ili tuione.

Sasa mkoko na mkorosho? Hapo maji ndo yanasema. Ipo infraredi ya mawimbi marefu zaidi ambayo maji yanaimeza, na mikoko kwa kuwa imesimama kwenye tope la bahari inatoka nyeusi zaidi kidogo kuliko miti ya nchi kavu. Mpunga unajulikana kwa tabia, unavunwa shamba linabaki tupu, mkoko una majani mwaka mzima, kwa hiyo picha moja haitoshi, unapanga za miezi tofauti. Wingu likiziba inatumika rada, yenyewe inapenya. Na uzuri picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972 na toka 2008 ni bure, unarudi nyuma unaona kabisa mikoko ilipokatwa kupisha mpunga kaskazini mwa delta.

Ila mti mmojammoja hauonekani. Kijimraba kidogo kabisa cha picha ya Sentinel-2, setilaiti nyingine, ni mita 10 kwa 10 ardhini, ndani ya kijimraba hicho aina tofauti za mikoko kama mchu, mkoko wenyewe na mkandaa zinaweza kuwa zimechanganyika, kwa hiyo lazima watu waingie topeni na GPS, na wenyeji wanaoijua miti hiyo kwa majina ndo wanaoifanya ramani iaminike.