Matembezi ya Nasibu: Kwa Nini Bahati Haina Deni la Kulipa

Mwaka 1904 Ronald Ross, tabibu wa Uingereza aliyethibitisha kwamba malaria huenezwa na mbu, aliuliza swali lililohitaji hesabu kuliko darubini: endapo mazalia ya mbu yataondolewa katika eneo fulani, mbu wa nje watapenya umbali gani kuingia humo? Mwaka uliofuata mtakwimu Karl Pearson wa London alilipeleka swali la aina hiyo katika jarida la Nature kwa sura nyepesi zaidi. Mtu anatembea umbali fulani, anageukia upande wowote bila mpango, anatembea tena umbali uleule, na kuendelea hivyo; hayo ndiyo matembezi ya nasibu. Je, kuna uwezekano gani wa kumkuta umbali fulani kutoka alikoanzia? Aliyejibu ni Lord Rayleigh, ambaye tangu 1880 alikuwa amekwisha kufanya hesabu kama hiyo katika uchunguzi wa mitetemo. Pearson akaongeza kwa utani kwamba mlevi ambaye bado anaweza kusimama, mahali pa kumtafuta kwanza ni karibu na pale alipoanzia.

Ili kuona hesabu yenyewe, tumwondoe mtembezi huyo uwanjani na kumweka kwenye mstari wa namba, akianzia sifuri. Sarafu ikionyesha kichwa anakwenda hatua moja kulia, ikionyesha upande wa pili anakwenda hatua moja kushoto. Baada ya kurusha mara 4 kuna njia 16 ambazo angeweza kupita, na kila moja ina uwezekano sawa na nyingine. Njia 6 kati ya hizo humrudisha sifuri, njia 8 humwacha hatua 2 kutoka sifuri (nusu kulia, nusu kushoto), na njia 2 tu humfikisha hatua 4. Tukiuliza wastani wa mahali alipo, jibu ni sifuri, kwa kuwa kulia na kushoto hufutana. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitusaidii kujua amekwenda mbali kiasi gani. Kinachosaidia ni kuchukua mraba wa umbali kabla ya kutafuta wastani: njia 6 zina mraba 0, njia 8 zina mraba 4, njia 2 zina mraba 16, jumla ni 64, na 64 ukigawanya kwa 16 unapata 4, yaani idadi ileile ya hatua. Ndivyo ilivyo kwa idadi yoyote ya hatua, kwa sababu hatua moja haina habari na nyingine. Hivyo umbali wa kawaida wa mtembezi hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya hatua: hatua 100 humpeleka umbali wa kama 10, na ili afike kama 20 anahitaji hatua 400.

Anayetaka kuyaona matembezi haya kwa macho yake hahitaji programu maalumu. Katika Excel, andika 0 kwenye seli A1, kisha kwenye A2 andika =A1+IF(RAND()<0.5,-1,1) na uburute amri hiyo hadi A101, halafu chora grafu ya safu hiyo. Kila unapobonyeza F9, kompyuta huchagua namba mpya na mtembezi mwingine huzaliwa. Namba hizo hutengenezwa kwa kanuni, si kwa bahati halisi, lakini kwa kazi hii zinatosha kabisa.

Wengi hutarajia mstari unaokatiza sifuri kila mara, ukipanda kidogo na kushuka kidogo. Grafu huonyesha kinyume: mara nyingi mtembezi hushika upande mmoja na kukaa huko kwa muda mrefu. Uwezekano wa kumaliza hatua 100 bila kurudi sifuri hata mara moja ni karibu asilimia 8, yaani takriban mtembezi 1 kati ya 12. Katika matembezi marefu sana, mmoja hivi kati ya watano hutumia zaidi ya asilimia 97 ya muda wake upande mmoja wa sifuri, ingawa sarafu haikupendelea upande wowote. Kwa maoni yangu hili ndilo somo ambalo uigaji, yaani kuigiza jambo kwa kompyuta kama tulivyofanya, hufundisha vizuri kuliko kitabu, maana mtu anaweza kuikubali kanuni kwa kichwa na bado akaamini kwamba baada ya kushindwa mara nyingi mfululizo sasa ni zamu yake kushinda. Sarafu haikumbuki ilikotoka. Mtembezi aliyefika hatua 12 kushoto anaanza upya kutoka hapo, na hakuna nguvu inayomvuta kurudi.

Wanaobeti wanahusika moja kwa moja. Tuseme mchezo ni wa haki, yaani kushinda na kupoteza dau kuna uwezekano sawa, una shilingi 1,000, unaweka shilingi 100 kila raundi, na umeazimia kucheza hadi zifike 10,000 au ziishe. Kwa kuwa mchezo wa haki haubadilishi wastani wa fedha ulizo nazo, lazima uwezekano wa kufika 10,000 uwe 1 kati ya 10. Mara 9 kati ya 10 utaondoka mikono mitupu. Hapo hatujamkadiria mwenye mchezo faida yoyote. Katika ruleti ya Ulaya, mchezo wa kamari wa gurudumu lenye namba 37, anayeweka dau kwenye rangi nyekundu ana nafasi 18 kati ya 37 za kushinda, upungufu unaoonekana mdogo, lakini mwenye sarafu 100 anayecheza moja moja akitaka zifike 200 ana uwezekano chini ya 1 kati ya 200. Badilisha 0.5 katika ile amri iwe 19/37, andika 100 kwenye A1, uburute hadi mstari wa 4,000, na hesabu ni grafu ngapi zitakazokuwa zimegusa sifuri kabla ya kugusa 200.