Bibi, jana ulikula na nani?

Mimi ni mtafiti wa uzee na afya ya akili hapa Dodoma, na watu wakisikia hivyo wanajua nipo Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili. Hapana, kazi yangu iko vijijini huko Bahi na Chamwino, nakaa na wazee wa miaka 60 kwenda juu nawauliza wanakula nini, wanalala vipi, siku nzima wanaongea na nani, halafu naangalia hayo yanahusianaje na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na kupoteza kumbukumbu.

Kuna dodoso moja la maswali 15 la kupima sonona kwa wazee, linatumika nchi nyingi sana, lilitengenezwa Marekani miaka ya 80. Alama zikizidi 5 unaanza kuwa na wasiwasi na mzee wako. Swali mojawapo ni kama unapendelea kubaki nyumbani kuliko kutoka kwenda kufanya mambo mapya. Nilimuuliza bibi mmoja amekaa kivulini na fimbo yake ndefu mkononi, mtama umeanikwa mbele yake, akaniambia, "Si nakaa nyumbani, mjukuu wangu, nikitoka hawa kuku wataniachia nini?" Kwa dodoso hiyo ni alama moja ya ugonjwa!

Nikaweka karatasi chini nikamuuliza, bibi una mawazo? Hapo ndo akafunguka. Dada yake alifariki, walikuwa wanakula sahani moja miaka yote, sasa anasonga ugali anaufunika na asubuhi anawapa kuku. Hakuna hata swali moja kati ya yale 15 linalouliza unakula na nani, na mimi nilikuwa nimeshalitumia kwa wazee wengi tu kabla yake, hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa huwezi kufuta swali tu ukaendelea na alama zile zile, lazima upime upya dodoso lenyewe. Wenzetu waliofanya kazi Hai, Kilimanjaro, walitengeneza kipimo cha kumbukumbu cha vipengele 6, kimojawapo mzee anapanga njiti za kiberiti, maana aliyekosa shule ukimpa kalamu achore utamwona mgonjwa bure. Hiyo ndo kazi ninayoipenda.

Kingine ni hili neno "uzee tu" mzee akianza kusahau, jamani linaumiza wazee. Ripoti ya 2024 ya jopo la Lancet, jarida la tiba, inasema karibu 45% ya ugonjwa wa kusahau ungeweza kuzuilika au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yamo presha, sukari, upweke, kutoona vizuri na masikio. Masikio! Babu asiposikia anaacha kwenda kijiweni, anaonekana mkali, kumbe anaona aibu kuuliza mara tatu tatu.

Kwa hiyo ukipiga simu nyumbani usiishie kwenye shikamoo na hela ya sabuni, uliza jana alikula na nani, na ukiona anajibu kitu kingine kabisa usikate simu, panga na ndugu siku ya kumpeleka akapimwe masikio.