Polepole si kukosa hadithi

"Haina hadithi, hakuna kinachotokea." Nimeambiwa hivyo tena kuhusu Killer of Sheep, filamu ya mwongozaji Charles Burnett, na safari hii sinyamazi. Kazi yangu ni kuhariri filamu. Kuiacha shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, iendelee ni uamuzi mgumu kuliko kuikata.

Kwa ufupi, kwa ambao hawajaiona: ni filamu ya mkanda wa milimita 16, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa mtaa wa Watts, Los Angeles, miaka ya 1970, na wengi wa walioigiza hawakuwa waigizaji wa kazi. Stan ni mfanyakazi wa machinjioni. Ana mke, ana watoto, hapati usingizi.

Sasa itazame ile injini. Stan na rafiki yake wanainunua injini kuukuu na kuishusha kwenye ngazi, hatua kwa hatua, wakihema. Mhariri mwenye haraka angetuonyesha ngazi juu, halafu injini iko kwenye pikapu, mambo yaende. Burnett, aliyeihariri mwenyewe, anatubebesha na sisi. Wanaitua ukingoni mwa pikapu. Wamechoka, hawaisogezi ndani. Gari linaondoka kwenye mwinuko, injini inadondoka na kupasuka. Wanaiangalia, kisha wanaiacha palepale, nasi tunaiona ikizidi kuwa ndogo nyuma ya gari. Hela ya Stan imekwenda na maji. Mtu ana lengo, anahangaika, anapoteza: hadithi gani nyingine mnaitaka? Na hasara hiyo inauma kwa sababu zile ngazi hazikufupishwa.

Kinachoniudhi hasa ni watu kudhani shoti ndefu ni shoti tupu. Stan anacheza na mkewe sebuleni, kifua wazi, sauti ya mwimbaji Dinah Washington ikiimba "This Bitter Earth". Kamera haisogei. Mwanzoni unaona mapenzi. Muda unapita, unagundua kwamba mikono ya mke inatafuta na ya mume imelegea. Wimbo unakwisha, mume anajitoa na kuondoka. Ukiikata katikati, unabaki na wanandoa wanaocheza muziki, basi. Umaskini hapo hautajwi kabisa, ila uchovu wake umeingia hadi ndani ya nyumba, na uchovu hauonekani kwa sekunde tatu.

Tunafundishwa kukata pale habari iliyomo kwenye picha inapokwisha. Katika dansi ile habari inakwisha mapema mno, halafu ndipo jambo lenyewe linaanza. Kanuni ya kuweka mahali pake sina. Naamua kwa hisia, na wakati mwingine nabishana na nafsi yangu usiku kucha.

Wala sisemi filamu nzima haina dosari. Shoti za kondoo wakielekea kuchinjwa, zikiwekwa karibu na watoto wanaocheza mtaani, zinanyoosha kidole kwa nguvu kupita kiasi. Zile ngazi zilikwisha kusema hayo yote. Ningekuwa na Burnett kwenye meza ya kuhariri, baadhi ya shoti hizo za kondoo ningeshauri ziondolewe.