Picha za makumbusho Ngomeni: yasemwayo na yalivyo

Ingia Fort Jesus ya Mombasa, au Ngomeni kama tuitavyo wenyeji, usimame karibu na makabati ya kioo. Mgeni anapiga picha, anatazama simu, ananuna. Alitaka vyombo vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama hapo nje mwaka 1697 Waomani walipoizingira ngome. Alichopata ni shati lake mwenyewe na mlango ulio wazi nyuma yake.

"Chumba kina kiza, washa flashi."

Hili ndilo kosa kubwa. Flashi inagonga kioo na kukurudia usoni. Kilicho ndani hakionekani tena. Tena mara nyingi shida si uchache wa mwanga, ni mwanga uliozidi upande wako wa kioo. Kwa hiyo uzuie. Sogeza lenzi mpaka ikaribie kugusa kioo, ukinge pembeni kwa kiganja, na siku hiyo uvae nguo nyeusi. Ukiwa umefuatana na dada mwenye buibui, mwombe asimame nyuma yako: hakuna kifaa cha dukani kinachomshinda. Kisha tuliza mikono, ubane viwiko mbavuni, uiache kamera ichukue muda wake.

"Nunua filta ya polaraiza, kioo kitatoweka."

Filta hiyo, kioo cha kuvisha lenzi ili kupunguza mng'ao, haikusaidii kitu ukisimama mkabala na kioo. Inafanya kazi ukienda upande, kwenye mshazari wa nyuzi 55 hivi kutoka mkabala, na hapo nayo inakula nusu ya mwanga au zaidi. Ndani ya chumba chenye kiza, hiyo ni bei kubwa.

"Flashi inaharibu kila kitu, ndiyo maana inakatazwa."

Si kila kitu. Kauri na mawe hayababuki kwa mwanga. Vinavyoumia ni nguo, karatasi na rangi za mimea, na madhara yake hujikusanya kidogo kidogo bila kurudi nyuma. Ndiyo sababu makumbusho mengi huweka vitu hivyo kwenye mwanga hafifu wa luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga). Lakini usianze kubishana na askari kuhusu sahani. Akikataza, zima. Flashi inawakera na wenzako pia.

"Simu yangu ina zumu, sina haja ya kusogea."

Ukivuta kwa vidole kupita uwezo wa lenzi, simu inakata picha na kuikuza tu. Sogea.

"Mistari myeusi kwenye picha ni ubovu wa kamera."

Ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na baadhi ya taa za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde, mistari inaondoka.

"Nje kwenye mizinga ndiyo rahisi."

Saa sita mchana? Mzinga mweusi, ukuta wa matumbawe unaowaka jua: kimoja lazima kipotee. Nenda asubuhi au alasiri. Na ukishuka kwenye gari lenye eesii, iache kamera mkobani dakika kadhaa, maana joto la pwani litaitia lenzi ukungu.

Jambo moja halisemwi kabisa: kila kitu ukipigacho picha, piga na kibao chake cha maelezo. Nina picha safi ya kigae cha buluu, haina mng'ao hata chembe, na mpaka leo sijui ni kigae cha nini.