Samaki tisa wa Kirumba

Kipimo cha IDELA, kile kilichotengenezwa na Save the Children kupima makuzi na ujifunzaji wa watoto wa miaka mitatu na nusu hadi sita, kina swali moja jepesi. Mtoto anaombwa ataje vyakula vinavyonunuliwa sokoni, vyote anavyovijua. Nilimuuliza mtoto mmoja wa darasa langu la awali ambaye mama yake anauza samaki Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Hakupoteza muda: sato, sangara, dagaa, furu, gogogo, kamongo, ningu, kambare, domodomo. Kisha akanyamaza na kunitazama kama mtu aliyemaliza kazi. Mchele hakuutaja, nyanya wala kitunguu hakugusa.

Nilibaki na kalamu hewani. Hivi ni vyakula tisa au ni kimoja, samaki? Nilipomweleza mwalimu mwenzangu alicheka, akasema mpe tisa na zawadi juu. Mimi nilirudi nyumbani bado nawaza. Kipimo kinataka kujua wingi wa maneno aliyonayo mtoto, na huyu ana maneno ambayo hata mimi, niliyekulia mbali na ziwa, nilijifunza nikiwa mtu mzima. Lakini pia kuna kitu alichonionyesha bila kukusudia. Kwake soko ni meza ya mama, na nje ya meza ile hajatembezwa sana. Taarifa zote mbili ninazihitaji, na hakuna kisanduku cha kuandika ya pili.

Tangu siku hiyo nimebadili namna ninavyotafuta nyenzo za kufundishia mtandaoni. Zamani nilikuwa kama mtu aliyeingia mnadani bila orodha. Kishikwambi mkononi (vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vikagawiwa walimu), bando la usiku, napakua kila chenye picha nzuri. Asubuhi nina mafaili arobaini na sina andalio la somo. Sasa naanza na muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Naandika swali moja ninalotaka kulijibu wiki hiyo, ndipo nawasha data.

Muhtasari kwanza, kwa sababu ndio unaonilipa mshahara, na kwa sababu umefikiriwa kuliko tunavyoupa sifa. Ule wa 2016 ulijengwa juu ya umahiri sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Angalia mpangilio wake: kuhusiana kumetajwa mbele, hisabati mwisho. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kuanzia awali, darasa la kwanza na la tatu, na vitabu vyake vinasomwa bure kwenye maktaba mtandao ya TET. Bado nakutana na walimu wanaonunua fotokopi ya kitabu ambacho kiko pale bila hata senti. Mwenye kishikwambi cha sensa hana kisingizio, isipokuwa labda mtandao wenyewe, ambao kwetu mvua ikinyesha nao unalala.

Tukitoka nje ya nchi, niseme kwanza kuhusu herufi, kwa sababu hapo ndipo nimeona madhara kwa macho yangu. Video na kadi nyingi za kufundisha sauti za herufi zinatoka nchi zinazozungumza Kiingereza. Lugha ile ina herufi 26 kwa sauti zipatazo 44, ndiyo maana wenzetu wanatumia miaka kadhaa kumfundisha mtoto kwamba herufi moja inabadilika sauti kila inapohama jirani. Ni tatizo lao, na wamelitafutia dawa nzuri. Sisi hatuumwi ugonjwa huo. Kiswahili kina irabu tano na kila moja ina sauti moja, iwe mwanzo wa neno au mwisho. Q na X hatuna, na C haisimami bila H. Mtoto akishashika a, e, i, o, u na kuzicheza pamoja na konsonanti, ba, be, bi, bo, bu, mlango umefunguka. Sasa niambie kwa nini mtoto wa Mabatini aimbishwe "e" kwa sauti ya "i" kwa sababu ndilo jina la herufi hiyo kwa Kiingereza. Nimepokea watoto waliopita kwenye vituo vya kulipia ambako walikaririshwa hivyo, na miezi miwili ya kwanza huwa ni ya kufuta.

Halafu kuna Kisukuma. Lugha ile haina R, kwa hiyo mtoto aliyelelewa na bibi yake Magu au Kwimba ataniambia "lafiki" na "kalatasi" kwa moyo mweupe kabisa. Kwenye kipimo cha kutambua sauti cha nje, huyo ataonekana ana pengo. Hana pengo lolote. Anasikia vizuri na anapanga sauti kwa kanuni za lugha ya nyumbani. Ukitaka kujua kama kweli kuna tatizo la usikivu au la lugha, mwambie akuhadithie jambo kwa Kisukuma mbele ya mtu anayekijua. Mimi humwomba mama anayetupikia uji. Akiniambia "huyu anaongea, Mwalimu, tena anaongea kuliko wewe," namwacha mtoto aendelee na "lafiki" yake mpaka R ije yenyewe. Na salamu yetu ya asubuhi ni zote mbili, "mwangaluka" kisha "hamjambo". Sijaona mtoto aliyechanganyikiwa kwa hilo.

Hadithi ndizo zilizonipa furaha kubwa kuliko nyenzo nyingine zote. African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini ulioanza 2014, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India iliyofuata 2015, zote zina hadithi za Kiswahili unazoweza kupakua ukazichapa. La muhimu zaidi ni leseni. Nyingi ziko chini ya leseni huria za Creative Commons, maana yake unaruhusiwa kunakili, kutafsiri na hata kubadilisha, mradi utaje mwandishi na mchoraji. Tazama herufi zilizo chini ya hadithi: ukiona ND, hapo kubadilisha hairuhusiwi, isome ilivyo. Usipoiona, kalamu ni yako. Mimi hubadilisha. Kiswahili cha baadhi ya tafsiri kimekakamaa, unahisi mtafsiri alikuwa akitembea na kamusi. "Mvulana mdogo alikuwa na furaha sana" inakuwa "Katoto kakafurahi weee!" na darasa zima linainuka.

Ya pili ninayoipenda ni ya zamani zaidi. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907, kwa watoto wa familia maskini. Leo jina lake linaonekana kwenye mabango ya shule za ada kubwa, na vifaa vyake vya mbao bei yake ni ya kukufanya ukae chini. Watu wanasahau kwamba alianza na watoto wapatao 50 kwa mkupuo, hali inayofanana na yangu kuliko ya hizo shule. Herufi zake za msasa, ambazo mtoto huzipitisha kidole kabla hajashika penseli, nimezitengeneza kwa maboksi ya bia, gundi ya unga wa muhogo na mchanga wa ziwani uliochekechwa. Mchanga wetu ni mkwaruzo safi. Kasoro yake ni panya, maana gundi ya muhogo wanaipenda, kwa hiyo herufi zetu zinalala kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kuhesabu sikuhitaji kupakua chochote. Watoto walikuja na isolo, bao la Kisukuma, wamechimba vishimo chini ya mwembe na kutumia mbegu za ukwaju. Kutia kete moja kila shimo ni hasa kile ambacho miongozo yote ya hisabati ya awali inakitafuta, yaani kuoanisha kitu kimoja na namba moja. Niliwakuta wakibishana kwamba mmoja ameruka shimo. Nikakaa, nikasikiliza, nikaandika kwenye daftari la maendeleo.

Upo upande mmoja ambao nyenzo za dunia zikifuatwa kama zilivyo zinaweza kudhuru mtoto. Karibu kila mwongozo unasifu michezo ya maji: kumimina, kupima, kuelea na kuzama. Mzuri sana. Ila huku maji yaliyo karibu na bure ni ya ziwa, na ufukweni kuna konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, ambavyo huingia kwa kupenya ngozi. Mtoto hahitaji kuyanywa, kutia mikono tu kunatosha. Kwa hiyo kona yetu ya maji ni karai mbili za maji ya bomba, na bomba likikauka tunatumia yaliyokaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili na zaidi, kwa kuwa vimelea hivyo vikikosa mwili wa kuingia havidumu muda mrefu. Hiyo ndiyo sababu napenda mfumo wa malezi wa 2018 wa WHO, UNICEF na Benki ya Dunia, ambao Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ya 2021/22 hadi 2025/26 imeufuata: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali, vyote kwa pamoja. Anayefundisha kando ya ziwa hili anajua kwamba somo la kuelea na kuzama ni somo la afya pia, na ni somo la usalama kwa mtoto anayemfuata mama mwaloni alfajiri, wakati mitumbwi ya dagaa inaporudi na taa zake.

Kwenye semina, wataalamu hupenda kututajia utafiti wa shule ya awali ya Perry, kule Ypsilanti, Michigan, Marekani, 1962 hadi 1967. Watoto 123, baadhi wakapata elimu ya awali na baadhi hawakupata, wakafuatiliwa hadi utu uzima, na matokeo yakawa mazuri kwa waliosoma. Kisha tunaambiwa faida ya kila dola iliyowekezwa. Ninachongojea kusikia bila mafanikio ni kwamba darasa lile lilikuwa na mwalimu mmoja kwa watoto sita hivi, na kwamba mwalimu alikwenda nyumbani kwa kila mtoto kila wiki. Kiwango chetu wenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi nina 84. Huwezi kuchukua matokeo ya Perry ukaacha masharti yake mlangoni.

Hata hivyo kipande kimoja nilikiiba: kutembelea. Nyumba 84 siziwezi, zingine ziko juu ya miamba ambako hata bodaboda inakushusha njiani. (Kipimo cha kuruka kwa mguu mmoja, kwa taarifa yenu, watoto wa milimani wanakipita wakicheka. Mimi ndiye niliyehema.) Ila Jumamosi mbili kwa mwezi nakwenda Mwaloni, kwa kuwa wazazi wengi wako pale. Nanunua dagaa, naongea.

Na swali ni lile lile. "Mwalimu, mbona mwanangu haandiki? Daftari jeupe, kila siku ni kucheza tu." Mama mmoja aliniuliza hivyo huku akigeuza sangara kwenye meza, na nyuma yake wengine watatu wakaacha kazi kusikiliza. Zamani ningemtajia watafiti. Siku hiyo nilimwomba ruhusa nikamwambia mwanawe apange sato kuanzia mdogo hadi mkubwa. Akapanga saba. Nikamuuliza wa tatu ni yupi, akamgusa. Nikamuuliza tukimuuza huyu wanabaki wangapi, akasema sita bila kuhesabu upya.

"Hayo kafundishwa wapi?" mama akauliza.

"Kwenye vishimo, chini ya mwembe."

"Na kuandika?"

"Vidole vyake bado vinakomaa, mama. Kwanza anapitisha kidole kwenye mchanga. Penseli inakuja."

Hakuridhika sana, nilimwona. Lakini alinifungia dagaa kwa kipimo cha kujaza, na wiki iliyofuata mtoto alikuja na mfuko wa vizibo vya soda, vimeoshwa.

Kwa wale watakaoniuliza, wiki hii swali langu ni sauti ya "k". Nimepata hadithi mbili za kunguru na kobe, moja ina leseni inayoniruhusu kumgeuza kobe kuwa kamongo. Watoto hawa wanajua kwamba kamongo ni samaki anayekuja juu kuvuta hewa, na wanapenda kuigiza. Herufi ya mchanga iko tayari ndani ya ndoo. Na yule mama amekubali kuniazima kamongo mkavu, mzima, wa kuonyesha darasani Jumatatu asubuhi. Sharti lake ni kwamba saa tano awe amerudi mezani, kwa sababu ana mteja.