Imeji sio picha, na wala haiinstoliwi

Wiki hii nimesikia tena, mtu ananiambia "kaka nimeweka ile picha kwenye memori kadi lakini Raspberry Pi haiwaki". Raspberry Pi ni kompyuta ndogo ya bodi moja, mfumo wake unakaa kwenye memori kadi. Nikamwambia hebu nitumie nione kadi ina nini ndani. Akanitumia skrinshoti, faili moja tu linaishia na .img.xz, limekaa peke yake kama mgeni aliyefika hajakuta wenyeji. Kalishusha, kalikopi, kalipesti, kachomeka kadi, kasubiri. Ni sawa na kumwaga mifuko ya simenti kiwanjani halafu ukahamishia godoro. Ila simlaumu sana, mi naona anayeponza watu ni hilo neno.

Maana yenyewe fupi: imeji (kwa Kiingereza image) ya mfumo endeshi ni nakala ya diski nzima, baiti kwa baiti, iliyowekwa ndani ya faili moja. Nikisema diski nzima sio yale mafaili tu, ni pamoja na patisheni (vyumba ambavyo diski imegawanywa), jedwali linaloonyesha vimekaa wapi, na vile vipande vya mwanzo wa diski ambavyo havina jina la faili kabisa. Basi, hiyo ndo maana.

Sasa tuje kwenye neno, maana hapa ndo panapouma. Kwa Kiingereza image sio lazima iwe kitu cha kutazama. Kilatini ni imago, na Warumi walikuwa wanaliita hivyo hata kinyago cha nta chenye sura ya mhenga wao, kile walichokuwa wanakiweka ukumbini nyumbani. Yaani kitu kinachofanana na kingine, umbo kwa umbo. Watu wa kompyuta walilichukua kwa maana hiyohiyo: zamani memori ilikuwa vipete vidogo vya sumaku vilivyofumwa kwenye nyaya, vinaitwa core, na ukichukua kila kilichomo memorini ukakihifadhi kama kilivyo ulikuwa umepata core image, na mpaka leo programu ikianguka kwenye mfumo endeshi wa Linux inaweza ikatema faili linaitwa core, wakati vile vipete havipo siku nyingi. Hakuna picha hapo. Ukienda kanisani utasikia mtu kaumbwa kwa mfano wa Mungu, na Waingereza hapo wanasema image, hakuna mchungaji anayesema tumeumbwa kwa picha ya Mungu. Mfano, kufanana, ndo maana inayotakiwa. Taswira kidogo ina nafuu, inatoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu na sura, lakini nayo siku hizi ukiitaja mtu anawaza kamera. Mi nasema imeji au nakala ya diski, yote sawa, ila picha hapana.

La pili ni hili la "kuinstoli imeji". Hili limetoka kwenye kompyuta za kawaida, ambako unashusha ISO ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, unaweka kwenye fleshi, inawaka, inakuuliza lugha, inakuuliza diski uigawe vipi, jina lako nani. ISO nayo ni imeji, ya CD, jina limetoka kwenye standadi ya ISO 9660 ya mwaka 1988, ila ndani yake mara nyingi kuna fundi anayekuja kukujengea. Imeji ya Raspberry Pi fundi alishamaliza kazi akaondoka. Mfumo ulishainstoliwa na mtu mwingine, wewe unauandika tu kwenye kadi, sekta kwa sekta, kwa programu ya Raspberry Pi Imager au hata kwa dd, amri ya Linux ya kunakili diski, kama huogopi kukosea jina la diski (mi niliwahi kukosea, tuache). Ikiwaka mara ya kwanza inajitanua ijaze kadi yote, maana ilitengenezwa ndogo.

Na kwa kuwa ni nakala, inakuja na kila kitu cha yule wa kwanza. Miaka na miaka kila Raspberry Pi yenye imeji yao rasmi ilikuwa inaanza na yuza anaitwa pi na paswedi raspberry, ukiziacha hivyo ukaiweka kwenye intaneti ujue umeacha mlango wazi, mpaka Aprili 2022 ndo wakamtoa huyo yuza wakasema kila mtu ajitengenezee wake. Funguo za SSH, ile njia ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, nazo zinatengenezwa upya ikiwaka mara ya kwanza, kwa sababu hiyohiyo. Kama ingekuwa ni kuinstoli kila mtu mwenyewe hayo yote yasingekuwepo.

Hapo ndo unaelewa kwa nini kuchagua imeji sio kuchagua Linux tu. Kwenye PC mfumo ukiwaka unaambiwa na BIOS au UEFI, programu iliyo kwenye bodi yenyewe, kuna vifaa gani, ndo maana ISO moja inawaka kwenye mashine nyingi. Bodi nyingi za ARM, aina ya chipu kama za Raspberry Pi na simu, hazina huyo wa kuwaambia, zinategemea faili linaloitwa device tree linaloeleza bodi hiyo ina nini na kimekaa wapi. Tena hata pa kuanzia kusoma wanatofautiana: Raspberry Pi inatafuta mafaili kwenye patisheni ya FAT (mpangilio wa mafaili ambao hata Windows inausoma), bodi za chipu ya Allwinner zinasoma kilobaiti 8 toka mwanzo wa kadi, za Rockchip kilobaiti 32, bila kuuliza jina la faili. Kwa hiyo imeji ya Raspberry Pi ukiiweka kwenye Orange Pi, bodi ya kampuni nyingine, itabaki giza tu, nenda Armbian, mradi unaotengeneza Linux ya bodi kama hizo, utafute jina la bodi yako kamili mpaka namba ya mwisho.

Halafu kuna biti, yaani chipu ni ya biti 32 au 64. Pi ya kwanza na Zero ya kwanza ni ARMv6, kizazi cha zamani cha chipu za ARM, chukua biti 32. Hiyo ARMv6 ndo ilizaa Raspbian, Linux ya Raspberry Pi, mwaka 2012: Debian, ile Linux iliyotokana nayo, toleo lake la ARM linaloitwa armhf lilikuwa linataka ARMv7, ikabidi Mike Thompson na Peter Green waikompaili upya. Toka Mei 2020 inaitwa Raspberry Pi OS, wanaosema Raspbian nawaacha, nimechoka. Pi 3, 4, 5 na Zero 2 W zinabeba biti 64, na Pi 5 inataka toleo linaloitwa Bookworm kwenda mbele, usiichimbulie imeji ya zamani. Huna skrini, chukua Lite, toleo lisilo na madirisha ya kubonyeza.

Yule kaka tuliandika kadi upya, ikakubali. Kidogo akarudi analalamika kachomeka kadi kwenye Windows, kadi ya GB 32 imekuwa MB 512 na anaulizwa kama afomati iliyobaki, nikamwambia bonyeza hapana haraka sana, hiyo ndogo ni patisheni ya kubutia (ya kuwashia mfumo), ile kubwa ni ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, na Windows haijui kuisoma, kadi yako nzima kaka. Akajibu, "sawa, kwa hiyo picha iko salama?"

Imeji, kaka. Imeji iko salama.