“Ipige msasa tu, weka ringi mpya”

Karibu kila pikipiki ya bodaboda inayofika kwangu ikitoa moshi wa bluu huja na agizo lake: “Fundi, silinda ipige msasa tu, weka ringi mpya.” Ringi ni pete za chuma zinazozunguka pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, na moshi wa bluu ni oili inayoungua. Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwa sababu mwenye pikipiki hununua ringi leo, na kabla hazijakaa sana anarudi kuchonga bloku, yaani kupanua tundu la silinda kwa mashine, na kununua ringi nyingine.

Msasa haurudishi chuma kilicholika. Kazi yake ni kuondoa utelezi wa ukuta wa silinda na kuacha mikwaruzo myembamba inayoshika oili wakati ringi mpya zinazoeana na ukuta. Silinda nayo hailiki sawasawa. Hulika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, maana huko moto na msukumo wa gesi ni mkali na oili ni haba. Ukipitisha msasa, hata kile kifaa cha mawe matatu cha kwenye drili, upana wa juu unabaki palepale.

Kwa hiyo pima. Tumbukiza ringi mpya ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha chomeka fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kwenye mwanya ulio kati ya ncha zake mbili. Pima chini kabisa ambako ringi hazifiki, halafu juu. Tuseme chini umepata milimita 0.25 na juu 0.56. Tofauti ni 0.31, gawa kwa 3.14 (pai, ya kugeuza mzingo kuwa kipenyo), kipenyo kimeongezeka karibu milimita 0.1. Hiyo ni ya kuchonga na kuwekewa pistoni ya ovasaizi, yaani kubwa kuliko ya awali. Ukucha ukikwama kwenye ukingo kule juu, jibu ni hilohilo.

Dhana nyingine: “Petroli inatosha kusafishia.” Haitoshi! Inaondoa oili na kuacha unga wa msasa kwenye mikwaruzo, na unga huo utasaga ringi mpya. Ng’oa bloku, isugue kwa brashi, maji ya moto na sabuni, urudie mpaka kitambaa cheupe chenye oili kitoke cheupe. Paka oili papo hapo, kutu inaingia upesi sana. Wanaopiga msasa bloku ikiwa bado kwenye injini wanamwagia unga huo beringi za kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na sielewi kwa nini bado kuna anayefanya hivyo.

“Msasa ni juu na chini tu.” Hapana. Zungusha mkono huku ukipandisha na kushusha, mikwaruzo ikatizane. Ya wima inapitisha oili na gesi.

“Kila silinda inapigwa msasa.” Si kila moja. Gusisha sumaku ukutani. Isiponata, hakuna slivu ya chuma, lile bomba la ndani ya bloku. Hiyo ni alumini yenye tabaka gumu, iache.

“Injini yenye ringi mpya iache ingurume tu kwanza.” Usiiache. Ringi hukaa kwa msukumo wa gesi, basi endesha kwa mzigo wa wastani, ukipandisha na kushusha mwendo. Oili ya kwanza imwage mapema, ina chembe za chuma.